Paka Mzee Aliyetoka Kupasuliwa, na Haki Yake kwa Aliyemfungia

Bismillahi Rahmani Rahim.

Tausi aliingia nyumbani kwetu Mtongwe miaka 13 iliyopita ndani ya mkoba wa chuoni wa binti yetu, baina ya juzuu na kipande cha mkate wa mofa. Tulimkemea binti kwa kuliweka juzuu pamoja na paka, kisha tukamkubali mgeni. Tangu siku hiyo panya walihama kwetu, na Tausi akawa na mahali pake penye mkeka, karibu na mlango wa uani, asipoondolewa na mtu.

Paka wa miaka 13 ni mzee. Matabibu wa wanyama humlinganisha na mwanadamu wa miaka 68 hivi. Kwa hivyo alipoanza kulala kutwa na kunywa maji kupita desturi yake, tulisema ni uzee. Alipoacha samaki, tulisema ni meno. Hata tumbo lilipotuna, tukasema ameshiba panya wa jirani. Ni mama watoto aliyeona usaha kwenye mkeka, akatwambia: "Huu si uzee. Huyu ni mgonjwa, na sisi tunamtazama."

Tulimtia kikapuni, tukakifunika kwa kanga, tukavuka naye kwa feri ya Likoni asubuhi watu walipokuwa wamesongamana. Daktari wa mifugo, huko kisiwani, alimpapasa tumbo akatwambia kuwa mji wake wa uzazi umejaa usaha. Ni maradhi yanayowapata sana paka majike waliokomaa ambao hawajaondolewa kizazi, na dawa za homoni ambazo baadhi ya watu huwapa paka ili wasizae huongeza hatari yake. Kiu ile ya ajabu ni moja katika dalili zake. Usaha ukikaa, sumu huenea mwilini na mnyama hufa. Tiba iliyo ya hakika ni kumpasua na kuuondoa mji wa uzazi pamoja na mayai yake.

Fedha zilizotakiwa zilikaribiana na zile tulizokuwa tumeziweka za kubadilisha mabati ya jikoni kabla ya masika. Hatutaficha, tulisita. Bi mkubwa mmoja jirani yetu, ambaye hutuletea mahamri kila Ijumaa, alikuwa ameshatwambia: "Maalim, paka huyu amekula chumvi nyingi. Mwachieni Mola wake." Wala hakusema kwa ubaya. Tulimpigia simu mama watoto kutaka shauri, naye akauliza neno moja tu: "Mabati yana roho?"

Hapa tusimame kidogo, kwa kuwa dada zetu kadhaa wametuuliza juu ya hukumu ya jambo hili. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho wengi wetu tumekisoma kwa masheikh wa mwambao huu, imewekwa mwishoni mwa mlango wa nafaka kwamba mwenye mnyama ni juu yake kumlisha na kumnywesha. Je, upasuaji ni wajibu kama chakula? Sisi hatusemi hivyo. Aliye na mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo asijitie dhambini kwa ajili ya paka. Lakini aliye na uwezo akatoa, hakufanya israfu. Masahaba walipomuuliza Bwana Mtume (s.a.w.) iwapo wana thawabu kwa wanyama, aliwajibu kuwa katika kila kiumbe kilicho hai mna thawabu.

La pili, ni kuondolewa kizazi. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi walikaza sana juu ya kuhasi mnyama asiyeliwa nyama yake. Lakini kilichoondolewa kwa Tausi ni kiungo kilichooza, na hayo ni matibabu. Hakuna tofauti na mama anayeondolewa mji wa uzazi hospitalini kwa sababu ya maradhi.

Na la tatu, kwa vile mlango umefunguka: ile habari mashuhuri kwamba kupenda paka ni katika imani, wanazuoni wa hadithi wameihesabu kuwa ya kutungwa. Vivyo hivyo kisa cha Mtume kuikata mikono ya kanzu yake ili asimwamshe paka. Hatujakiona katika vitabu vinavyotegemewa. Hatuna haja nazo. Yaliyo sahihi yanatosha, kama itakavyokuja.

Kwa kuwa Tausi ni mzee, alipimwa damu kwanza, kwani figo za paka wazee huwa dhaifu na nusukaputi huzielemea. Alipasuliwa mchana, akarudishwa kwetu siku ya pili ndani ya kikapu kile kile, tumbo limenyolewa na mshono umekwenda chini kama urefu wa kidole. Macho yalikuwa wazi lakini hayatazami kitu. Wajukuu walipiga kelele wakidhani amekufa. Paka aliyelewa dawa huweza kulala na macho wazi, na akiamka huyumba kama abiria ashukaye mashuani.

Usiku ule wa kwanza tuliagizwa tumlaze chini sakafuni, kwenye tandiko, asije akaanguka kitandani. Tukazima panka. Watu wa pwani hatudhani kwamba kiumbe anaweza kuona baridi Mombasa, lakini joto la mwili hushuka baada ya nusukaputi, na mzee hulirudisha polepole. Maji tuliyaweka kidogo. Chakula, kijiko kimoja tu, baada ya kuinua kichwa na kututambua.

Kilichotupa taabu zaidi ni kula. Paka akikaa siku kadhaa bila kula, hasa aliyenenepa, ini lake hujaa mafuta na hilo peke yake laweza kumuua. Daktari alitwambia kwamba ikipita siku nzima hajagusa kitu, tusisubiri. Siri tuliyoipata ni harufu. Paka mzee hupungukiwa na hamu, na chakula cha baridi hakimwiti. Mama watoto alimchemshia changu, akamtoa miiba yote, akamponda na kumpa angali na uvuguvugu. Alimchemsha katika sufuria ya mbali, kwa sababu mchuzi wetu hauwi mchuzi bila kitunguu maji na thomu, na vyote viwili huharibu damu ya paka. Maziwa pia tuliyaacha. Paka wengi wakubwa huwaendesha.

Sasa tuseme juu ya dawa, na hapa mama zetu tunawaomba sana. Tausi aliporudi, majirani walikuja na huruma zao mkononi. Mmoja alileta shubiri ya kupaka kwenye mshono. Mwingine alitoa vidonge vya paracetamol mkobani, akasema nusu itamtosha. Paracetamol ni sumu kwa paka. Ini lake halina uwezo wa kuivunja kama letu, na hata kipande cha kidonge chaweza kumuua. Aspirini na ibuprofeni nazo zina madhara makubwa kwake, asipewe. Shubiri atairamba, na utomvu wake humdhuru. Zile dawa za kuulia vijidudu ambazo hugeuza maji yakawa meupe kama maziwa, tunazosafishia sakafu na vidonda vyetu, nazo ni hatari kwa paka. Hujiramba zikaingia tumboni. Mshono hauoshwi wala haupakwi kitu ila alichokitoa daktari. Hutazamwa tu, asubuhi na jioni. Wekundu kidogo si neno. Ukiona usaha, harufu mbaya, uvimbe unaozidi au mshono umefumuka, au ufizi umekuwa mweupe na pumzi za haraka, ni safari ya kurudi kwa daktari saa hiyo hiyo.

Vidonge vyake mwenyewe alivipata kwa kuviringishwa kwenye kanga akabaki kichwa nje, kama mtoto mchanga. Kidonge huwekwa nyuma ya ulimi, kisha hupewa maji kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kisije kikakwama kooni. Tulipigwa kucha mara mbili. Mchanga wa choo chake tuliuondoa, kwani hushika kwenye mshono, tukaweka magazeti yaliyochanwachanwa juu ya sinia lenye ukingo mfupi, maana magoti ya mzee hayapandi juu. (Magazeti tuliyachagua yasiyo na jina la Mwenyezi Mungu. Kazi hiyo ilitupotezea saa nzima.) Shingoni alivishwa kola ya plastiki ili asiurambe mshono, naye siku ya kwanza akawa anatembea kinyumenyume akidhani atatoka ndani yake.

Wameuliza pia juu ya sala katika chumba alimo. Mate ya paka si najisi. Imepokewa kutoka kwa Kabsha binti Kaab kwamba Abu Qatada (r.a.), baba mkwe wake, alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu mpaka akanywa, na alipomwona Kabsha anashangaa, akamweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, ni katika wanaotuzunguka majumbani mwetu. Ama usaha, damu na mkojo ni najisi. Oshe mkono na nguo, na udhu wake upo pale pale. Kugusa najisi hakuutengui.

Daktari alitaka afungiwe muda wa wiki mbili, asiruke wala asipande ukuta, na madume ya mtaani yasimfikie. Tulimpa stoo. Ina dirisha lenye wavu na upepo wa kutosha. Wajukuu walikuwa hawaachi kufungua mlango, basi tukaufunga kwa ufunguo, na ufunguo tukautia mfukoni mwa kanzu.

Siku ya sita tulipata habari ya msiba Msambweni. Mama watoto na binti walikuwa wametangulia tangu jana yake. Sisi tuliondoka baada ya Alfajiri, tukasalia jeneza, tukazika, tukakaa na wafiwa. Tausi hakutupitia moyoni. Tulirejea baada ya Isha, na tulipotia mkono mfukoni kutafuta ufunguo wa nyumba, tukashika miwili.

Wajukuu waliobaki na shangazi yao walikuwa wamesimama mlangoni mwa stoo mara kadhaa mchana ule wakimsikia analia, kisha wakaacha kumsikia. Simu zetu zilikuwa zimezimwa kwa sababu ya maziko. Tulipofungua, alikuwa nyuma ya mlango kabisa. Kola ilikuwa imepindua bakuli la maji, na sakafu imeshakauka. Kidonge cha asubuhi kilikuwa kimepita na cha jioni kimechelewa. Hakulia alipotuona. Alikwenda kwenye bakuli tupu, akasimama hapo.

Tumefundisha hadithi ya mwanamke na paka kwa zaidi ya miaka 20, katika darasa za kina mama na za watoto. Wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar (r.a.): mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, alimfungia mpaka akafa, hakumpa chakula wala maji alipomfungia, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Siku zote tulimsomesha mwanamke yule kama mtu mwenye roho mbaya, tukawaona watoto wakikunja nyuso. Usiku ule tuliisoma tena, na hatukuona ndani yake kwamba alimpiga, wala kwamba alimchukia. Yaliyotajwa ni kufungia na kuacha. Paka aliye huru humwona panya, humwona mjusi, huenda kwa jirani akalia mlangoni. Uliyemfungia, hata ukimfungia kwa faida yake na kwa amri ya daktari, hana mlango mwingine isipokuwa wako.

Tulimpa maji kidogo kidogo, kisha samaki. Mama watoto aliporudi tulimweleza. Hakutulaumu. Alichukua nyundo, akapiga msumari kwenye fremu ya mlango wa stoo, juu kidogo ya vimo vya wajukuu, akautundika ufunguo hapo. Kisha akatoa bakuli jepesi la plastiki akaweka lile zito la udongo. Kesho yake tulimpigia daktari kuhusu vidonge vilivyopitwa, akatwambia tuendelee kwa saa zake, tusimpe viwili kwa pamoja.

Edward Lane, Mwingereza aliyeishi Kairo katika miaka ya 1820 na 1830, aliandika kwamba Sultani Baybars aliwahi kuwekea paka wakfu wa shamba. Shamba lilishauzwa zamani, lakini kadhi wa mji alikuwa bado analazimika kuwatolea chakula paka wanaokusanyika katika ua wa mahakama kila alasiri. Baybars alifariki mwaka wa 676 Hijria, sawa na 1277, mwaka ule ule aliofariki Imam Nawawi, na wawili hao hawakuwa wakipatana. Katika haki ya mnyama, inaelekea walisimama pamoja.

Nyuzi zilitolewa siku ya 14. Daktari aliukagua mshono akaridhika, akataka figo zipimwe tena baada ya miezi sita. Tulivuka na kikapu, safari hii Tausi akilia njia nzima, na watu ndani ya feri wakituangalia kanzu na kilemba na kikapu kinacholia. Nyumbani alishuka, akauzunguka uwa, akalala mahali pake mlangoni. Masika yameingia sasa. Jikoni panavuja pembe ya kibla, tumekinga ndoo.