Mita sita juu ya mti, roho imeshikwa na kamba ya robo inchi

KAMA kwako Novemba ni mwezi wa ligi kushika kasi na makocha kuanza kuhesabiwa siku, kwa mamilioni ya Wamarekani ni mwezi wa kupanda miti.

Alfajiri, baridi inauma na giza bado nene, mtu mzima mwenye kazi na familia yake anakumbatia mti katika pori la Michigan, Wisconsin au Pennsylvania. Upinde ameuacha chini, umefungwa kamba ili auvute baadaye. Anapanda mita tano, sita, wengine mpaka saba, kwenda kumsubiri kulungu wa mkia mweupe.

Huyo si kulungu huyu wa kwetu wa vichakani. Ni mnyama mkubwa zaidi, dume lake lina pembe zenye matawi, na Novemba ndiyo msimu wa kusaka majike, kwa hiyo hata dume mjanja anatembea mchana. Pua yake ni balaa, masikio yake usiseme. Na mwindaji wa upinde anamtaka afike mita 20 hivi, yaani umbali wa frikiki ya nje kidogo ya boksi. Chini hapo hana chake, ndiyo maana anapanda.

Sasa swali ni moja: huko juu kashikiliwa na nini?

Kashikiliwa na vijiti vinne. Wenyewe wanaviita hivyo, vijiti vya kupandia, ila ukweli ni vipande vya ngazi vya aluminiamu, kila kimoja na urefu wa kama nusu mita au zaidi kidogo, vyenye mahali pa kukanyaga juu na chini. Unafunga cha kwanza kwenye mti, unakikanyaga, unafunga cha pili juu yake, hivyo hivyo mpaka cha nne. Na kila kijiti kinashikwa na kamba moja tu, nyembamba kuliko kidole cha mwisho cha mtu anayeikanyagia.

Ni unene wa kamba hiyo unaowagawa wawindaji kama watani wa jadi. Wapo wa milimita tatu, wapo wa sita, wapo wa nane. Na tofauti na ubishi wa nani mkali kati ya namba kumi wawili, huu anayekosea haishii kununa. Anaanguka.

KWA NINI KAMBA?

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wakitaka asali juu ya mbuyu hupigilia vigingi vya mti kwenye shina na kupanda navyo. Marekani huko, maeneo mengi ya ardhi ya umma hayaruhusu kupigilia misumari wala kukaza skrubu kwenye mti, kwa sababu inaujeruhi. Lazima utumie kitu kinachofungwa na kufunguliwa bila kuacha kidonda.

Zamani kidogo ilikuwa mikanda ya kitambaa yenye bizimu ya chuma. Mikanda hiyo ni imara, lakini bizimu ikigonga aluminiamu saa kumi na moja alfajiri, kulungu wote wa mtaa wameshajua kuna mgeni. Tena kitambaa kinanyonya maji, usiku yakiganda asubuhi unapambana na ubao. Wengi wakaitupa na kuweka kamba.

Kamba inafanya kazi hivi. Imefungwa upande mmoja wa kijiti, inazunguka mti, inarudi na kuzungushwa kwenye kitufe kigumu kilicho upande wa pili, mizunguko kadhaa inayokandamizana yenyewe. Kisha mwindaji anakivuta kijiti chini kwa nguvu mpaka meno yake yaume gome. Kuanzia hapo kadiri unavyokikanyaga ndivyo kinavyojikaza. Kamba ikilegea, au ikinyooka kama mpira, meno yanaachia gome na kijiti kinazunguka pembeni na mtu akiwa juu yake.

Ndiyo maana nailoni ya kawaida haifai hapa, hata iwe nene. Nailoni inanyumbuka. Ile kamba maarufu ya parachuti, milimita nne hivi, inayouzwa kila duka la vifaa vya kambi, jina lake la 550 linatokana na pauni 550, kama kilo 250. Mtu anaona kilo 250, anajipima ana 90, anasema imetosha. Haijatosha, na hesabu yake inakuja.

POLITHINI ILIYOENDA SHULE

Kamba inayotamba sasa inatokana na nyuzi ziitwazo Dyneema, zilizobuniwa na kampuni ya DSM ya Uholanzi. Kwa asili ni polithini, ndugu wa damu wa mifuko ya Rambo iliyopigwa marufuku Tanzania Juni 2019. Tofauti ni kwamba molekuli zake ni ndefu kupita kiasi na zimevutwa zikalala upande mmoja, kwa hiyo uzi wake kwa uzito ule ule unauacha mbali waya wa chuma. Hainyooki hovyo, hainywi maji, na kwa mabaharia ina sifa nyingine: inaelea.

Kwenye karatasi, kamba ya nyuzi hizo yenye unene wa milimita tatu, yaani inchi 1/8, inakatika ikifika kama tani moja. Ya milimita tano, inchi 3/16, inapita tani mbili. Ya milimita sita, robo inchi kamili, inapita tani tatu. Mwindaji mwenye koti, buti na begi ana kilo 110, na vijiti vingi huko vimepimwa kubeba pauni 300, kilo 136.

Hapo ndipo timu ya milimita tatu inaposhangilia. Tani moja dhidi ya kilo 110, mechi imeisha mapema!

Haijaisha. Tani moja ni pale inapokatika, siyo pale unapotakiwa kuitumia. Watengenezaji wa kamba za aina hii hushauri mzigo wa kawaida usizidi sehemu moja ya tano ya nguvu hiyo. Tani moja imeshuka mpaka kilo 200. Halafu piga fundo. Fundo linaikunja kamba kwa kona kali, upande wa nje unabeba mzigo wote na wa ndani unastarehe, na kamba ya Dyneema inaweza kupoteza nusu ya nguvu yake hapo, wakati mwingine zaidi. Zimebaki kilo 100. Mtu wetu ana 110.

Fanya hesabu hiyo hiyo kwa kamba ya parachuti: 250 gawa kwa tano ni 50, kabla hata hujapiga fundo.

Milimita sita, baada ya makato yote hayo, inabaki na zaidi ya kilo 300. Milimita tano inabaki na 200 na ushee, inapita. Kwa hiyo ubishi wa kweli ni kati ya tano na sita. Anayesimamia tatu anasimamia kitu kingine: uzito. Kamba ya robo inchi yenye urefu wa mita mbili na nusu ina gramu 60 hivi. Ya milimita tatu ni kama robo ya hizo. Ukijumlisha vijiti vyote vinne, umeokoa gramu 180, uzito wa simu moja ya mkononi. Mtu anatembea kilomita tatu porini na simu mfukoni halafu anataka kuokoa uzito wake kwenye kitu kinachoshika roho yake. Haiingii akilini.

Kuna jambo la kuchakaa pia, ambalo wengi hawalipigi hesabu. Nguvu ya kamba inafuata eneo la mkato wake, siyo kipenyo. Gome la mti ni msasa. Msimu mzima ukikwangua milimita moja kwenye kamba ya milimita tatu, imepoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake. Milimita hiyo moja ikitoka kwenye kamba ya sita, imepoteza chini ya theluthi.

Na mwisho kuna mikono. Kamba nyembamba inakata kiganja ukiivuta, na vidole vilivyokufa ganzi ndani ya glovu haviioni vizuri gizani. Inajizamisha kwenye mizunguko yake yenyewe pale kwenye kitufe, na wakati wa kushuka usiku inagoma kutoka. Milimita sita inajaa mkononi kidogo, inavutika, inaachia. Hapo tano inapitwa.

Kwa nini basi wasiende kumi kabisa? Kwa sababu kitufe kina nafasi yake. Kamba nene inapata mizunguko michache, haikunjiki sawasawa, na mizunguko ndiyo inayozuia isiteleze. Wapo wanaotumia milimita nane ya poliesta yenye ganda, kwa kuwa Dyneema inateleza kama sabuni na wao wanataka msuguano. Si wajinga, ila wanabeba zaidi na lazima wahakikishe kitufe kinaipokea.

Wanaobaki na Dyneema wana ufumbuzi wao wa fundo: hawapigi. Kamba hiyo imesukwa ikiwa na uwazi katikati, kwa hiyo ncha yake inarudishwa na kuchomekwa ndani ya tumbo la kamba yenyewe kwa urefu wa kutosha. Ikivutwa, tumbo linabana. Jicho linalopatikana kwa njia hiyo linabakiza takriban asilimia 90 ya nguvu. Baadhi wanasuka vitanzi vingi mfululizo kama mnyororo, wakifika mtini wanatundika tu kitanzi kinachofaa kwenye kitufe.

KAMBA YA KIJITI SIYO KAMBA YA MTU

Kosa la hatari kuliko yote ni la kufikiri kamba iliyofaulu kwenye kijiti inafaa pia kumdaka mtu.

Kule kutonyooka kunakokifanya kijiti kitulie ndiko kunakoleta madhara mtu akidondoka. Hakuna kinachonyonya pigo. Kampuni ya DMM ya Wales, inayotengeneza vifaa vya wapanda milima, iliwahi kuangusha mzigo wa kilo 80 kwenye vitanzi vya Dyneema vilivyopigwa fundo, na vikakatika kwa anguko lisilozidi urefu wa kitanzi chenyewe.

Mwindaji anavaa mkanda wa mwili, na mkanda huo una kamba yake inayozunguka mti, yenye kiini ndani na ganda nje. Unene wake ni kati ya milimita nane na 11. Kwenye kamba hiyo kuna kifundo cha kusogeza juu kadiri unavyopanda, kinachoitwa Prusik kwa jina la Karl Prusik, Mwaustria aliyekitangaza mwaka 1931. Hiki ndicho kinachojali unene kuliko kitu chochote. Kamba yake lazima iwe nyembamba kuliko ile inayoishika: kwenye ya 11 weka nane, kwenye ya nane weka sita. Ukiweka nene sawa na mama yake, haibani. Utaning'inia nayo na itashuka na wewe.

Wakufunzi wa usalama wa uwindaji huko wanarudia jambo moja kila msimu: wengi hawaanguki wakiwa wamekaa wanasubiri. Wanaanguka wakipanda, wakishuka, au wakihama kutoka kijiti cha mwisho kwenda kwenye kiti, dakika ile ile ambayo mvivu hajajifunga bado kwa sababu "nafika sasa hivi".

Msimu ukifungwa Januari, wenye akili wanashusha kila kitu. Kamba iliyoachwa mtini inapigwa jua mwaka mzima, mti unanenepa na kuivuta, na kindi wa Marekani wanapenda kutafuna kamba kuliko mtu anavyoweza kuamini. Nyumbani wanaipitisha polepole kati ya vidole, inchi kwa inchi, wakitafuta manyoya, mahali palipokakamaa au palipobonyea. Wakikuta hata pamoja, kamba hiyo inakatwa vipande papo hapo, ili hata mwenyewe asije akaiokota Septemba akiwa na haraka.