Aliyepona Ebola Asinyimwe Mkunga

MNAMO Desemba 2014 jarida la Time la Marekani liliwatunuku waliopambana na Ebola heshima ya kuwa watu mashuhuri wa mwaka. Miongoni mwa waliochapishwa picha zao jaladani alikuwa Salome Karwah wa Liberia. Ebola ilikuwa imemwulia baba na mama. Yeye mwenyewe aliugua, akapona, kisha akarudi katika kituo kile kile cha Madaktari Wasio na Mipaka mjini Monrovia alikotibiwa, safari hii akiwa mlezi wa wagonjwa.

Februari 2017 Salome alijifungua mtoto wa kiume kwa upasuaji. Baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani alishikwa na kifafa, povu likamtoka kinywani, nao jamaa zake wakamkimbiza hospitalini. Kwa maelezo yao, wahudumu walisita kumgusa kwa sababu waliijua historia yake. Siku chache baada ya kuzaa, aliaga dunia. Simo miongoni mwa wanaodai kwamba angepona kwa yakini lau angeshughulikiwa mara moja, maana kifafa cha uzazi huua hata penye madaktari hodari. Lakini mgonjwa wa kifafa hana muda wa kungoja watu washauriane kama atagusika au hagusiki.

Nilikisimulia kisa hiki darasani. Msichana mmoja anayetamani kusomea uuguzi akaniuliza, "Mwalimu, na kama virusi vilikuwa bado mwilini mwake? Ungekuwa wewe, ungemgusa?" Baadhi ya wenzake walimcheka. Mimi sikucheka, kwani swali hilo ndilo kiini cha jambo lenyewe.

Waliosita walikuwa na sababu ya kuogopa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Liberia iliumwa vibaya: zaidi ya watu 4,800 walikufa huko katika mlipuko wa 2014 hadi 2016, wauguzi na wakunga wakiwamo. Tena uzazi na Ebola vimeandamana tangu mwanzo. Ugonjwa ulipotambuliwa mara ya kwanza mwaka 1976 huko Yambuku, nchini Kongo iliyoitwa Zaire wakati ule, waliougua walikuwa 318 na waliokufa 280. Wengi wa wale wa mwanzo waliambukizwa kwa sindano zilizotumiwa kwa mtu baada ya mtu bila kuchemshwa ipasavyo, na kina mama waliohudhuria kliniki ya wajawazito walikuwa miongoni mwao. Isitoshe, mama anayetokwa na damu kwa sababu ya mimba kuharibika hufanana mno, kwa macho matupu, na mgonjwa wa Ebola. Wakati wa mlipuko mkunga aliye peke yake usiku hana njia ya kuwatofautisha papo hapo.

Hata hivyo, hofu isiyo na elimu huwatia kapu moja wanawake wa namna tatu ambao hawafanani. Wa kwanza ni mjamzito anayeugua sasa hivi. Huyo ni wa kuhudumiwa katika kituo maalumu, na wahudumu wake wavae mavazi kamili ya kujikinga. Wa pili ni yule aliyeugua akiwa na mimba, akapona, na mimba ikabaki. Huyu ndiye anayewapiga watu chenga. Damu yake huweza kupimwa ikaonekana safi, ilhali virusi vimejificha katika kondo la nyuma, katika maji ya uzazi na katika kiumbe kilicho tumboni. Atembee na watu, apandishwe gari, asitengwe. Lakini siku ya kujifungua, au mimba ikiharibika, wahudumu wajikinge kama wanaomhudumia mgonjwa wa Ebola. Wa tatu ni aliyepona kwanza, ndipo akashika mimba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema wazi kwamba huyu hana hatari ya kumwambukiza mkunga wake Ebola. Ahudumiwe kama mzazi mwingine yeyote.

Salome alikuwa wa namna hiyo ya tatu.

Atakayepinga atanikumbusha yaliyotokea Guinea mwaka 2021, ambapo uchunguzi wa virusi ulionyesha kwamba mlipuko mpya ulitokana na masalia ya ule wa zamani, yaliyokaa miaka kadhaa katika mwili wa mtu aliyepona. Ni kweli, na ni ajabu. Virusi hivi huweza kujificha katika jicho na katika shahawa, na ndiyo maana wanaume waliopona hushauriwa wapimwe. Lakini kisa cha Guinea hakimpi mtu ruhusa ya kumwacha mama sakafuni. Kinatufundisha kwamba mkunga hawezi kujua kila kilichomo katika damu ya mtu yeyote, awe amewahi kuugua Ebola au la. Homa ya ini na Ukimwi havimwandikwi mtu usoni. Kwa hiyo glavu, maji, sabuni, aproni na uangalifu wa sindano ni haki ya kila uzazi, wala si silaha ya kutolewa kabatini anapoingia mtu aliyeshukiwa. Mkunga aliyezoea kujikinga kila siku hana haja ya kurudi nyuma atakapoletewa Salome mwingine.

Walimu wenzangu wasidhani mambo haya ni ya mbali. Uganda ilipatwa na Ebola ya aina ya Sudan kuanzia Septemba 2022 hadi Januari 2023, ikarudiwa mapema 2025. Wapo waliopona. Miongoni mwao wamo wasichana watakaoolewa na kuzaa, na mpaka wa Busia huvukwa kila siku na watu wanaokwenda sokoni. Je, mmoja wao akishikwa na uchungu upande huu, atakutana na nani?

Yule msichana nilimjibu kwamba ningemgusa, nikiwa nimevaa glavu, kama ninavyopaswa kumgusa mzazi yeyote yule. Hakuridhika. Shangazi yake, akasema, alipokwenda kujifungua aliambiwa aje na glavu zake mwenyewe, na alizoleta zilikwisha kabla mtoto hajazaliwa.