Mwizi Akiwa Ndugu Yako

Tamthilia isiyo na ndugu ndani yake haina wateja. Naliona hilo saluni kwangu, hapa Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima, ambako TV huwashwa asubuhi na kuzimwa ninapofunga mlango. Mtu anayesukwa rasta anakaa nusu siku. Kichwa kiko mikononi mwangu, macho yako ukutani. Akitokea jambazi mgeni mwenye bastola na miwani myeusi, watu wanaendelea na maongezi yao. Jambazi huyohuyo akivua miwani akaonekana ni kaka wa bibi harusi, saluni nzima inanyamaza, na mimi mwenyewe mikono inasimama.

Wanaume wanaokaa hapo nje wakisubiri wake zao husema tamthilia ni vilio na makofi tu. Wanaiona kwa dakika mbilimbili, ndiyo maana. Anayeifuata tangu mwanzo anajua ina ufundi wake. Mwandishi anajenga nyumba mbili au tatu, moja yenye mali, nyingine ya kubangaiza, kisha anazifunga pamoja ili asiwepo wa kutoka. Mapenzi ndiyo yanayovusha watu ukuta: kama binti wa tajiri asingempenda kijana wa gereji, koo hizo mbili zisingejuana kamwe. Uhalifu unaleta siri: nani alimuua marehemu, wosia uko wapi, fedha zile zilitoka wapi. Ukoo nao unafunga geti. Adui wa mtaani unaweza kumhama, lakini mama mkwe utakutana naye jikoni asubuhi, na shemeji yako ndiye atakayeshika jembe kwenye mazishi yenu.

Kila kipande kinagusa visa vitatu au vinne, hakimalizi hata kimoja, na kinakatia patamu. Halafu kuna jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: mtazamaji anaonyeshwa siri mapema, wakati mwenye kuumizwa bado hajui. Tumemwona dada mtu akitia kitu kwenye glasi. Tumemwona mume akifuta meseji. Mhusika anaingia anacheka, na humu ndani watu wazima wanapaza sauti: "Usinywe hiyo juisi!"

Kwetu Usukumani kuna kikao kinachoitwa dagashida, mkutano wa kijiji wa kusikiliza mashauri na kupanga adhabu. Wanaotazama tamthilia ni dagashida iliyobahatika kuona kila kitu kwa macho yake. Hakuna shahidi wa kudanganya, hakuna wa kuficha. Linalobaki ni hukumu, na hukumu haina ugumu mshtakiwa akiwa mtu baki. Ugumu unaanza pale mwizi anapokuwa mtoto wa nyumba hiyohiyo.

Kuna kisa kimoja kilichochukua mchana wetu wote. Ilikuwa tamthilia ya Kituruki, hizi zinazoingizwa sauti za Kiswahili. Mama mmoja amekuta mafurushi ya fedha chini ya kitanda cha mwanawe, na polisi wako mlangoni. Akazificha kwenye gunia la unga, akafungua mlango, akawakaribisha chai. Niliyekuwa namsuka twende kilioni, mama muuza mboga sokoni, akasema yeye angemshika mwanawe mkono na kumkabidhi mwenyewe. Bibi mmoja aliyekuwa amemsindikiza mjukuu wake akamjibu taratibu: "Mayu, mtoto hapelekwi na mama yake. Atapelekwa na wengine, mama atapeleka chakula." Wengi wakaitikia kwa kichwa. Ndipo binti aliyekuwa anakausha nywele, ambaye tangu aingie alikuwa hajasema neno, akauliza, "Na huyo aliyeibiwa, yeye hana mama?"

Mabishano hayo hayakuisha hata baada ya tamthilia kupisha taarifa ya habari. Nayathamini sana. Watu hawa hawapati mahali pengine pa kubishana juu ya mtoto anayeiba bila kumtaja mtoto wa mtu. Ukianza kisa hicho kisimani au harusini, kila mmoja atajua unamsema nani, na kesho hamsalimiani. Kwenye TV mtoto ni wa Uturuki, basi kila mtu anafungua moyo.

Nguvu hiyo ya tamthilia inajulikana siku nyingi, na Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako ilipimwa kwa makini. Mwezi Julai 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa redio ulioitwa Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara. Nyumbani tulikuwa na redio ya National, na betri zikichoka baba alizianika juani ili zimalizie kipindi. Mtu tuliyemsubiri ni Mkwaju, dereva wa malori ya safari ndefu, mlevi, mwenye mwanamke kila kituo. Mkewe Tunu alianza kama mke wa kuvumilia na kunyamaza, kisha taratibu akajifunza kusema na kutafuta riziki yake. Kwa upande mwingine kulikuwa na Fundi Mitindo, mshonaji, na mkewe Mama Waridi, waliopanga uzazi na kusikilizana. Mkwaju hakuua mtu kwa bunduki, lakini mama yangu alimwita muuaji, na alikuwa na sababu: mwishowe Mkwaju aliugua UKIMWI, na kila aliyesikiliza alikumbuka wanawake wa vituo vyote vile.

Nilipokuja kufanya kazi ya uhudumu wa afya ngazi ya jamii, kabla sijafungua saluni, ndipo nilipojifunza jinsi mchezo ule ulivyopangwa. Tangu 1993 hadi 1995 mikoa mingi ilisikia Twende na Wakati, lakini kituo cha Dodoma hakikuurusha, makusudi, ili watafiti walinganishe. Walioongoza utafiti huo ni pamoja na Peter Vaughan na Everett Rogers, kwa kushirikiana na Watanzania. Wakakuta kwamba kule ulikosikika watu walipunguza idadi ya wapenzi, matumizi ya kondomu yaliongezeka, na wateja wapya wa uzazi wa mpango kliniki waliongezeka kuliko Dodoma. Baadaye Dodoma nako ukaanza kurushwa.

Njia hiyo ya kufundisha kwa mchezo ilitoka Mexico, kwa mtayarishaji wa televisheni Miguel Sabido, ambaye miaka ya 1970 alitengeneza tamthilia za mapenzi na ukoo zenye mafunzo ndani yake. Sabido aliweka watu wa aina tatu: mwema, mbaya, na anayeyumba kati yao. Huyo wa tatu ndiye mwenye kazi nzito. Msikilizaji hajifananishi na mwema, wala hataki kufananishwa na Mkwaju. Anajiona kwa Tunu, anayekosea, anayeogopa, anayechelewa kuamua. Hapo naona tamthilia nyingi za siku hizi zinapungukiwa. Mbaya ni mbaya tangu anapoamka, mwema analia tangu mwanzo hadi mwisho, na katikati hakuna mtu.

Televisheni ilichelewa kufika kwetu. Zanzibar ilikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970, lakini Bara ilisubiri hadi 1994, ITV na wenzake walipoanza. Huku vijijini ilichukua miaka zaidi. Aliyekuwa na TV na jenereta, sebule yake ilikuwa ya mtaa mzima, na vibanda umiza vya kuonyeshea video vikaja na benchi zake na kiingilio chake. Tamthilia iliyotushika ilikuwa Isidingo ya Afrika Kusini, kupitia ITV. Kwao ilianza Julai 1998 na ikaisha Machi 2020. Kisa kilijengwa kuzunguka mji wa mgodi, Horizon Deep, na sisi tuliozoea kuona vijana wakienda kubahatisha kwenye dhahabu ya Geita na Kahama tuliuelewa mji ule bila kufafanuliwa. Kulikuwa na tajiri Barker Haines, aliyechezwa na Robert Whitehead, na Cherel, aliyechezwa na Michelle Botes, mwanamke aliyeweza kukumbatia mtu huku moyoni ameshamhukumu kifo. Kiingereza chao hatukukifahamu vizuri. Macho ya Cherel yalitosha.

Baadaye ikaja ya Kichina, Doudou na Mama Wakwe Zake, iliyoingizwa sauti za Kiswahili na kuonyeshwa TBC mwaka 2011. Haikuwa na jambazi hata mmoja, ila wakwe walitosha. Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam mwezi Machi 2013 aliitaja mwenyewe, kwamba imewafanya Watanzania waone furaha na shida za maisha ya kawaida ya Wachina. Naamini alisema kweli: bibi zetu waliosikia tu kwamba China ni mbali walianza kumshauri Doudou namna ya kuishi na mama wa mumewe. Mwishoni mwa 2012 tukapata ya nyumbani, Siri ya Mtungi, iliyoongozwa na Jordan Riber, juu ya Cheche, kijana mpiga picha wa Bagamoyo mwenye mke nyumbani na moyo usiotulia. Kwa mara ya kwanza niliona ukuta wenye rangi iliyobanduka kama ya kwetu, na watu wanaosengenya kwa Kiswahili cha kweli. Kenya nao wakatuletea Maria, ya Citizen TV, iliyoanza 2019, ambamo binti wa mtaa wa mabanda anaingia kwenye nyumba ya matajiri na kuvuruga ndoa iliyokwisha kupangwa.

Sasa hivi anayetawala ni Leah Mwendamseke, tunayemjua kwa jina la Lamata, aliyetuletea Kapuni kisha Jua Kali kwenye Maisha Magic Bongo. Namheshimu. Amefanya wateja wangu wapange siku ya kusukwa kwa kufuata ratiba ya tamthilia.

Hata hivyo nina dai kwake na kwa wenzake wa Dar es Salaam. Nyumba zenu zote zina geti la umeme na sofa jeupe. Mali inayogombewa ni kampuni. Njooni mkoani kwetu Simiyu mwone mali ya aina nyingine. Hapa ukoo unagombana kwa ng'ombe wa mahari, kwa shamba la pamba, kwa mji wa marehemu. Uhalifu wetu una historia yake: miaka ya mwanzo ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi Usukumani na Unyamwezini, wananchi wenyewe waliunda vikundi vya ulinzi vya sungusungu, na wazee husimulia kwamba shauri lililowatoa jasho si lile la mwizi aliyetoka mbali, ni lile ambalo mwizi alikutwa amekaa nao kwenye duara. Vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa kusingiziwa uchawi eti kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyokaushwa na moshi wa kuni na samadi jikoni, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kulikuwa na shamba ambalo mtu alilitaka. Hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kuandika, maana aliyeonyesha wauaji njia hakuwa mgeni wa mji ule.

Wajane nao wana kisa kilichokwisha kufika mbali. Wanawake wawili wa mkoa wa Shinyanga, wakati sisi nasi tulikuwa Shinyanga, kwani Simiyu ilizaliwa 2012, walifiwa na waume zao, na ndugu wa waume wakashika mali na kuwaondoa majumbani. Walikwenda Mahakama Kuu kupinga kanuni za mila zilizoandikwa kuwa sheria mwaka 1963, ambazo zinamnyima mjane urithi. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba kanuni hizo zinabagua, lakini ikakataa kuzifuta. Wakaendelea hadi Umoja wa Mataifa, kwenye kamati inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema Tanzania imekiuka haki zao. Niambieni ni mwandishi gani angebuni zaidi ya hapo: mapenzi yapo, msiba upo, shemeji yupo, mahakama ipo, na dunia nzima imekaa kusikiliza.

Mtakapokuja, mnisaidie na jambo moja. Msukuma kwenye filamu na tamthilia zetu ni mlinzi wa geti au msichana wa kazi aliyeshuka basi jana. Analetwa ili watu wacheke anavyosema. Lafudhi hiyohiyo ndiyo wanayotumia wazee wetu kuhukumu mashauri mazito na mama zetu kuombolezea. Mpeni Msukuma kiti cha katikati. Mpeni mjane wa Itilima mwenye watoto watatu, shemeji anayempenda kweli watoto hao na papo hapo anaitaka ardhi yao, na kijana wa mnadani aliyempa binti wa nyumba hiyo simu ambayo haijulikani ilitoka kwa nani. Muwafanye wote wayumbe kama Tunu.

Anzeni kuionyesha wakati pamba inanunuliwa, hela ikiwa imeingia na kila nyumba imelipia king'amuzi. Mkichelewa hadi masika, miezi ambayo mifuko ni mitupu, haidhuru. Wateja wangu wameshazoea kuchangishana kifurushi, na siku umeme ukikatika kuna sola ya jirani.