Intaneti Imelipiwa, Mbona Haifiki Chumba cha Nyuma?

Hali hii imekuwa ya kawaida katika nyumba zetu za Mji wa Kale, Mombasa na Lamu. Wajukuu wako ukumbini karibu na ruta, video zinakwenda bila kukwama. Bibi yuko chumba cha nyuma, anazungumza na mwanawe aliye Dubai, anasikia neno moja na kukosa matatu. Mwenye nyumba hupandwa na hasira, akaongeza kifurushi. Pesa zinazidi kutoka, na bibi bado hasikii.

Ndugu msomaji, kabla ya kutoa shilingi nyingine, pima. Unganisha kompyuta na ruta kwa waya, upime kasi. Ikiwa unalipia megabiti 10 na umepata 9 au 10, kampuni imetimiza ahadi. Kisha nenda chumba cha nyuma upime bila waya. Ukipata 2, basi zile nane zimepotelea ndani ya nyumba yako, na hata ukinunua 40 nyingi zitapotelea papo hapo.

Zinapotelea wapi? Ukutani. Wazee wetu walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zenye unene wa karibu nusu mita. Boriti za mikoko hazikuweza kubeba dari pana, kwa hivyo vyumba vikawa vyembamba, kimoja nyuma ya chengine. Mawimbi yakitoka daka kwenda ndani hupasua kuta tatu au nne, na kila ukuta unakula sehemu yake. Mabati ni mabaya zaidi, kwani huyarudisha yalikotoka.

Ruta nyingi za leo zina masafa mawili. La gigahezi 5 lina kasi lakini huchoka upesi mbele ya ukuta. La gigahezi 2.4 ni la polepole lakini hufika mbali. Bibi mpe la pili. Humo tumia chaneli 1, 6 au 11, kwa sababu hizo haziingiliani, na uchague ile ambayo majirani hawajaijaza.

Ruta yenyewe iweke juu, katikati ya nyumba, isifichwe nyuma ya televisheni wala ndani ya kabati la chuma. Wala usidanganyike na ruta ya antena nane. Ruta yaweza kupaza sauti, lakini simu nayo lazima ijibu, na sauti ya simu ni ndogo.

Dawa ya uhakika ni waya. Kebo ya mtandao hubeba kasi kamili hadi mita 100. Ipitishe darini mpaka nyuma, ufunge ruta ya pili huko. Ripita za kuchomeka ukutani ni rahisi kununua, lakini nyingi hupokea na kutuma kwa masafa yale yale, hivyo kasi hupungua kiasi cha nusu.

Na ikiwa unataka kufikisha intaneti nyumba ya ndugu yako upande wa pili wa shamba, mita 300 hivi? Hapo zinahitajika antena mbili za kuelekezana, kila moja juu ya mlingoti wake, zionane bila kizuizi. Makuti na majani ya mwembe yana maji, na maji hunyonya mawimbi. Fundi akuwekee chaneli nyembamba ya megahezi 20: hutulia zaidi kwa masafa marefu. Mlingoti uwe na waya wa kuzamisha radi ardhini, na viungo vifunikwe vizuri, maana chumvi ya bahari hula chuma.

Wanaovusha juu ya maji ya mkono wa bahari wajue jambo moja zaidi. Maji huakisi mawimbi kama kioo, na kina kikibadilika, mwakisiko nao hubadilika. Ukiona mtandao unakwenda vizuri maji yakipwa na kusumbua yakijaa, usimlaumu fundi kwanza. Mwambie ajaribu kupandisha au kushusha antena moja.

Mita kadhaa za kebo hununuliwa mara moja. Nyongeza ya kifurushi hulipwa kila mwezi. Pima kwanza, ndipo uamue pesa zako ziende wapi, na bibi naye apate kumsikia mwanawe.