Mtoto ametoka hospitali, sasa amebadilika tena: Mzazi usipuuze

Binti wa miaka 14 aliyekuwa akifanya vizuri darasani anaanza kukesha. Anacheka peke yake, anamtuhumu mdogo wake kuwa anataka kumwekea sumu, na siku chache baadaye anaanguka kwa degedege. Nyumbani kila mtu ana jibu lake. Bibi anasema ni mashetani, jirani anasema ni bangi, shangazi anasema malaria imepanda kichwani.

Huo ni mfano tu, lakini dalili hizo ni za kweli. Ni kweli malaria na homa ya uti wa mgongo ndizo za kupimwa kwanza, tena haraka. Je, vipimo vikionyesha hana na mtoto bado anaharibikiwa? Hapo kuna jambo ambalo wazazi wengi hatujalisikia: kinga ya mwili wake mwenyewe inaweza kuwa inaushambulia ubongo.

Kwa kawaida kinga hutengeneza kingamwili za kupambana na vijidudu. Wakati mwingine hukosea, ikashambulia sehemu za mwili wenyewe. Mwaka 2007 daktari Josep Dalmau na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walieleza ugonjwa wa aina hiyo unaolenga vipokezi vya NMDA, sehemu za seli za ubongo zinazosaidia kumbukumbu, fikra na tabia. Kwa baadhi ya wasichana na wanawake chanzo huwa uvimbe kwenye ovari, ndiyo maana daktari anaweza kuagiza tumbo lipigwe ultrasound wakati tatizo linaonekana kichwani.

Miongoni mwa waliougua ni Susannah Cahalan, mwandishi wa gazeti la New York Post, mwaka 2009 akiwa na miaka 24. Kuna daktari aliyedhani tatizo lake ni pombe. Baadaye Dk Souhel Najjar alimwomba achore saa. Namba zote alizijaza upande wa kulia, upande wa kushoto akauacha mtupu. Mchoro huo ulimwonyesha daktari kuwa ubongo umevimba upande mmoja. Alitibiwa, akarudi kazini na kuandika kitabu.

Sasa lipo jambo linalowapita hata wazazi waliokwishapata jibu la daktari. Magonjwa haya yanaweza kuja mawili.

Watafiti walipochunguza wagonjwa 691 wa ugonjwa huo wa NMDA, matokeo yaliyotolewa mwaka 2014 yalionyesha kuwa 23 walikuwa pia na ugonjwa mwingine, ule unaoharibu utando unaofunika mishipa ya fahamu. Wengine waliugua yote mawili kwa pamoja, wengine kwa vipindi tofauti. Ni wachache, lakini kwa mzazi ambaye mtoto wake ni mmoja wao, uchache huo haumsaidii.

Njia nyingine ni ya virusi. Utafiti wa Hispania uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia wagonjwa 51 waliovimba ubongo kwa sababu ya virusi vya hepesi. Kati yao 14 walipata shambulio la kinga baadaye, ndani ya takriban miezi miwili. Wakati huo familia imeshashukuru Mungu na kurudi nyumbani. Mtoto mdogo anaanza kurusharusha mikono na miguu bila kutaka, mkubwa anabadilika tabia, na watu wanasema ni masalia ya ugonjwa wa kwanza.

Kwa nini kujua tofauti ni muhimu? Kwa sababu dawa hazifanani. Upo ugonjwa uitwao NMO, unaoshambulia mishipa ya macho na uti wa mgongo. Kwa miaka mingi ulichanganywa na mwingine uitwao MS, hadi kingamwili yake ilipotambuliwa mwaka 2004. Baadhi ya dawa zinazomsaidia mgonjwa wa MS zinaweza kumzidishia hali mgonjwa wa NMO.

Kwa hiyo, mtoto aliyewahi kutibiwa ugonjwa wa ubongo, mrudishe hospitali haraka ukiona jicho linauma na kuona kwa ukungu, miguu inakosa nguvu au kufa ganzi, mkojo unagoma, kope zinalegea, anameza kwa shida, au tabia na usingizi vimebadilika ghafla. Degedege au kupumua kwa shida ni dharura ya saa hiyohiyo.

Ukifika, usiseme tu “imerudi”. Mweleze daktari kilicho kipya. Andika tarehe dalili ilipoanza, mrekodi mtoto kwa simu wakati inapotokea, na beba majibu yote ya vipimo vya zamani. Muulize: “Je, inawezekana kuna ugonjwa wa pili?” Swali hilo si utovu wa adabu.

Huenda akaagiza maji ya uti wa mgongo yapimwe. Wazazi wengi hukataa wakihofu mtoto atapooza. Sindano huingizwa kiunoni, chini ya pale uti wenyewe unapoishia, na maji hayo yanaweza kuonyesha kingamwili ambazo damu imezificha.

Matibabu yapo: dawa za kutuliza kinga, kusafisha damu, na kuondoa uvimbe ukiwepo. Katika utafiti mkubwa wa ugonjwa wa NMDA, takriban wagonjwa 8 kati ya 10 walikuwa na hali nzuri baada ya miaka miwili, na waliowahi matibabu walifanya vizuri zaidi. Usimwachishe mtoto dawa ghafla kwa kuona amepata nafuu.

Kama familia inataka kumwombea, na iombe. Lakini aombewe akiwa njiani kwenda hospitali, kwa maana wewe unayeishi naye ndiye utakayeona kwanza kuwa hayuko kama jana.