Askari Asiye na Kaburi Huombolezwaje?

Msiba una kazi zake. Maiti huoshwa, husaliwa, huzikwa. Jamaa hukaa matanga, kisha siku ikifika huyaanua, kila mtu akarejea kwenye shughuli zake. Hatua hizo humsaidia mfiwa kukubali kwamba mpendwa wake hatarudi. Vita huuvunja utaratibu huu tangu mwanzo. Askari hufia mbali, na mara nyingi haufiki nyumbani mwili wala habari ya hakika. Mfiwa hawezi kulia akamaliza, wala kukata tamaa ya kungoja.

Jamii zetu zililijua jambo hili zamani. Waislamu wa mwambao wanaofuata madhehebu ya Shafii humswalia aliyefia mbali swala ya ghaibu. Mume akitoweka, kadhi hupima ushahidi. Akihukumu kuwa amekufa, mjane hukaa eda ya miezi 4 na siku 10. Wajaluo, mwili usipopatikana, huzika badala yake tunda la yago, yaani mwegea. Njia ni mbalimbali, ila zote husema waziwazi nani amekufa.

Hapo ndipo wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza walipodhulumiwa. Waingereza na Wajerumani walipopigana Afrika Mashariki, mizigo ya majeshi yao ilikwenda vichwani mwa watu wetu, wengi wakiwa wamekamatwa kwa nguvu. Walikufa makumi ya maelfu, hasa kwa kuhara damu, malaria na njaa. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zingali zinabeba jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Afisa Mzungu aliyekufa aliandikiwa jina juu ya jiwe, mpagazi hakuandikiwa. Zikasimamishwa sanamu za jumla Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Ile ya Dar es Salaam, ya mwaka 1927, ina maandishi yanayoahidi kwamba wana watalikumbuka jina la baba aliyefia vitani, lakini hakuna jina lolote lililochongwa pale.

Mwaka 2021, ripoti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikadiria kuwa wafu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi.

Tanzania huru ilifuata njia nyingine. Mashujaa wa Vita vya Kagera wamelala Kaboya, Muleba. Waliokufa katika ukombozi wa Msumbiji wamelala Naliendele, Mtwara. Kila tarehe 25 Julai taifa huwaombea dua. Familia yenye kaburi ina mahali pa kwenda kulia, na taifa nalo linakiri kwamba kifo kile kilikuwa deni la wote.

Hatujachelewa kuwakumbuka wapagazi nao. Mnamo 2025, mjini Cape Town ulizinduliwa mnara wenye majina zaidi ya 1,700 ya Waafrika Kusini Weusi waliokufa wakiyatumikia majeshi ya Waingereza katika vita hivyo. Kwetu pia kazi ianze: mjukuu anayejua babu yake alichukuliwa vitani aandike jina lake, la baba yake na la kijiji chake. Serikali zetu zifungue nyaraka, ziyakusanye majina hayo na kuyachonga hadharani, ili familia zilizongoja zaidi ya miaka 100 ziweze kuanua matanga.