Alikula kwa Wabudha China, akarudi Chonyonyo na sheria mpya ya jikoni

Safari hii ukurasa wetu unaanzia mbali, katika mji wa Guangzhou kusini mwa China, lakini utaishia hapa hapa Chonyonyo, wilayani Karagwe, kwenye kadi ya kliniki ya mama mjamzito.

Kijana wetu mmoja, muuza vipuri vya pikipiki, alikwenda Guangzhou kununua mzigo. Wanaokwenda huko wanajua kuwa shida ya kwanza ya Muislamu si lugha, ni chakula. Nguruwe yumo katika vyakula vingi, hata mafuta yake hukaangiwa mboga, na mnyama asiye nguruwe hujui kachinjwa na nani. Zipo hoteli za Waislamu wa Kichina, zenye maandishi ya "qingzhen" mlangoni, nazo ndizo za kutafuta kwanza. Ila mtu anayezunguka masokoni kutwa nzima hazipati kila mahali.

Kijana huyu alikwenda kuswali katika Msikiti wa Huaisheng, mmoja wa misikiti mikongwe kabisa ya China, wenye mnara mweupe mrefu. Si mbali na hapo lipo hekalu la Wabudha liitwalo Liurong, na katika mitaa ya namna hiyo ndipo penye vyakula vya Wabudha visivyo na nyama. Mwenyeji wake akampeleka. Unalipa bei moja, ya mtu wa kawaida kabisa, unachukua sahani na kujipakulia mwenyewe. Sharti ni kumaliza ulichochukua, maana kumwaga chakula wanakuona umefanya jambo baya. (Katika hili wametukumbusha mafundisho yetu wenyewe. Tazama mabaki ya pilau yanavyozolewa baada ya walima.)

Alituhadithia haya baada ya swala ya Ishaa, na watu walisogea kusikiliza. Alisema siku ya kwanza aliweka sahani chini kwa hofu. Mbele yake kulikuwa na vipande vinavyofanana na bata na vingine vinavyofanana kabisa na nyama ya nguruwe, hadi mstari wa mafuta. Mwenyeji akacheka na kumwambia kuwa vyote ni ngano na soya. Ni kweli. Unga wa ngano hukandwa, kisha donge huoshwa kwa maji mara nyingi mpaka wanga wote uondoke. Kinachobaki ni kitu cha kuvutika kama mpira, ambacho ni protini ya ngano, na hicho ndicho hutiwa viungo kikapata ladha ya nyama. Soya nayo hukamuliwa maziwa, yakagandishwa kuwa mfano wa jibini.

Si Wabudha wote wanaoacha nyama, jambo ambalo wengi hawalijui. Wale wa Sri Lanka, ambao wana hekalu lao Upanga jijini Dar es Salaam tangu enzi za Mwingereza, wengi wao hula samaki na kuku. Ni mapokeo ya Kichina yaliyoshikilia katazo hilo, hasa baada ya mfalme Wu wa Liang, aliyetawala mwaka 502 hadi 549, kuwalazimisha watawa waache nyama na pombe. Tena hao hawatumii vitunguu wala vitunguu saumu. Wanadai vinachafua utulivu wa ibada. Mzee mmoja aliposikia hivyo akasema, "Sasa hapo tumekaribiana," akikusudia katazo la Mtume (s.a.w.) kwa mtu aliyekula vitunguu vibichi kuja msikitini na harufu yake. Lakini Sheikh akamrekebisha: kwetu kitunguu ni halali, kilichokatazwa ni kuwaudhi wenzako katika safu.

Swali la halali liliulizwa, na Sheikh alijibu kwa ufupi. Mboga, nafaka na uyoga asili yake ni halali, apike nani. Katazo linalojulikana ni la mfu, damu, nguruwe, kilichochinjwa kwa ajili ya asiyekuwa Allah, na kilevi. Kwa hiyo muulize mwenye hoteli kama anatia mvinyo katika mchuzi, na chakula kilichowekwa mbele ya masanamu hekaluni kiache. Kula hotelini ni jambo moja, kushiriki ibada yao ni jambo jingine.

Mpaka hapo hapakuwa na tatizo. Kijana alikula huko siku kumi na nane, akajiona mwepesi, kiungulia kikamwisha. Akarudi nyumbani na uamuzi: nyumba yake haitakula nyama, mayai wala maziwa, kwa kuwa aliambiwa watawa wale wanaishi miaka mingi bila maradhi. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi mitano, na mtoto mwingine wa miaka miwili mgongoni.

Wiki sita baadaye huyu mama alikuja kliniki analalamika kizunguzungu na moyo kwenda mbio akipanda kilima na ndoo. Wekundu wa damu ulikuwa 9.2. Mjamzito hatakiwi kushuka chini ya 11. Nisiseme uongo: wiki sita bila nyama peke yake hazimfikishi mtu hapo. Mimba yenyewe hunywa damu ya mama, malaria ipo, minyoo ipo, na nyama Chonyonyo wengi wetu tunaiona kwa Idi na kwa mgeni. Lakini yai na kikombe cha maziwa ndivyo vilivyokuwa vimebaki, navyo vikaondolewa.

Hapa ndipo penye kosa ambalo nataka wasomaji wetu walione. Meza ya yule Mbudha ilikuwa na aina ishirini: soya, uyoga, ufuta, karanga, majani ya kila namna, mwani wa baharini. Ukiondoa nyama katika meza hiyo, vitu vingi vinabaki. Ukiondoa yai na maziwa katika sufuria ya Chonyonyo, kinachobaki ni ndizi, maharage na chai. Ndizi ni chakula chema cha kutia nguvu, lakini protini yake ni ndogo mno na madini ya chuma ni haba. Maharage yana chuma, ila chuma cha nafaka na mikunde mwili hukichukua kwa shida kuliko cha nyama, na chai au kahawa ukinywa pamoja na mlo hukizuia zaidi. Nasi Karagwe ni watu wa kahawa! Kunywa, lakini ipishe saa moja au mbili. Badala yake kula limau, chungwa, pera au pasheni pamoja na maharage, maana vitamini C hukisaidia chuma kuingia mwilini.

Ipo pia vitamini B12, inayojenga damu na mishipa ya fahamu. Hii haimo katika mboga. Imo katika nyama, samaki, dagaa, mayai na maziwa. Mtu mzima ana akiba ya miaka kadhaa katika ini, ndiyo sababu yule kijana hakuona dhara lolote. Kichanga hana akiba isipokuwa ile aliyopewa na mama yake.

Tuliwaita wote wawili, mume na mke. Sikumwambia bwana arudi kula nyama. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuiacha, na wengine wenye shinikizo la damu tunawashauri waipunguze (ingawa zile nyama za ngano nazo zina chumvi nyingi). Nilimwambia kuwa mke na watoto si wasafiri wenzake wa Guangzhou. Mama alipewa vidonge vya chuma na foliki asidi, dawa ya minyoo, akapimwa malaria. Dagaa wa Ziwa Victoria waliosagwa wakaingia katika uji wa mtoto. Maziwa yakarudi, lakini ya kuchemshwa mpaka yafure, kwani katika nchi yetu hii ya ng'ombe maziwa mabichi huleta homa ya kutupa mimba. Maharage yalowekwe usiku, maji yamwagwe, yachemke sana. Na mboga mbichi za kachumbari zioshwe kwa maji yaliyochemshwa. Maji ya bwawa hayafai kwa kazi hiyo. Kule China, alisema mwenyewe, hata maji ya kunywa mezani waliletewa ya moto.

Soya aliichukua kwa furaha. Sasa anaikaanga na kusaga, na amepanda kiasi ndani ya kibanja kati ya migomba. Kadi ya mwezi uliofuata ilisoma 10.4.

Akiwa anaondoka aliuliza kama senene wanahesabiwa nyama, kwa kuwa msimu unakaribia naye ameweka ahadi ya kutokula kiumbe. Sheikh alikuwapo. Akasema nzige hana hata haja ya kuchinjwa, na senene ni wa kundi hilo, wale tu. Kijana akabaki ameshika mlango, anafikiri.